Kubandika vinili kwenye ndege ndogo ya kujiundia badala ya kupiga rangi

Vinili ni utando mwembamba wa plastiki wenye gundi upande mmoja, kama stika. Maelezo haya ni ya ndege ya alumini ya viti viwili, iliyo ndani ya hanga la kawaida kama yale ya uwanja wa ndege wa Kajjansi, Uganda: paa la mabati, sakafu ya saruji, vumbi la murram mlangoni. Kama yako imevikwa kitambaa, usibandike vinili kabisa. Kitambaa cha poliesta hukazwa kwa joto, na joto la kazi hii litauvuruga mkazo wake. Ndege ya fiberglasi inawezekana, ila kwa vinili nyeupe tu. Chini ya jua la ikweta rangi iliyokolea hupasha ganda kiasi cha kulegeza epoksi, gundi inayoshikilia nyuzi zake.

Hatua ya 1: Vinili

Kuna vinili inayomiminwa ikiwa majimaji na kuna inayobanwa kwa rola. Chukua ya kumiminwa: 3M 2080 au Avery Dennison SW900 ni za aina hiyo. Ya kubanwa hutaka kurudi umbo lake la awali, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa ya jua husinyaa, ukingo unaacha mstari wa gundi wazi, na upepo unapata pa kushika. Stika za mabango wanazotumia wachapaji wa Nasser Road, Kampala, nyingi ni za aina hiyo. Zinafaa mlango wa duka, hazifai bawa.

Van's RV-7 ina eneo la bawa la mita za mraba 11.2, yaani zaidi ya 22 ukihesabu juu na chini. Ukiongeza kiwiliwili na mkia, pamoja na asilimia 20 hadi 25 ya mabaki, roli moja ya upana wa sentimita 152 na urefu wa mita 22.9 haitoshi. Agiza zote kwa mara moja, maana rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo.

Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, toa karatasi ya nyuma, kipime kwenye mizani ya jikoni, zidisha kwa nne. Hapo una gramu kwa mita moja ya mraba, na uzito wa kazi nzima utaujua kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Kusafisha

Sabuni, maji, kisha spiriti ya isopropili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Alumini tupu isibandikwe: unyevu ukinaswa chini, kutu hutambaa bila kuonekana. Piga praima ya epoksi ya sehemu mbili, iache ikauke kabisa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, isugue iwe laini. Kila punje ya mchanga itaonekana juu ya vinili.

Hatua ya 3: Saa ya kufanya kazi

Bati la ndege liwe kati ya nyuzi 18 na 28 za Selsiasi, na upime bati lenyewe kwa kipimajoto cha infraredi, si hewa. Chini ya paa la mabati, adhuhuri, bati la ndege hupita kiwango hicho na gundi hushika kabla hujaweka sawa. Anza alfajiri. Usiku ukiwasha taa karibu na ziwa, wadudu wa Ziwa Victoria watakuja kufia kwenye gundi.

Hatua ya 4: Mpangilio wa vipande

Anzia nyuma ya ndege ukielekea mbele, na chini ya bawa kabla ya juu. Kipande cha mbele kilalie cha nyuma kwa milimita 10, kama mabati ya paa yanavyolaliana ili maji yasipenye. Kiungo kisikae kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Funika ukingo huo kwa ukanda mmoja, unaopita juu na chini kwa angalau sentimita 10.

Hatua ya 5: Ribiti

Ribiti ni misumari mifupi inayounganisha bati za ndege, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ribiti za kichwa cha mviringo huacha pete ya hewa kuizunguka kila moja. Chini pete hiyo haidhuru, lakini ukipanda futi 10,000 shinikizo la nje hushuka hadi karibu asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari. Hewa iliyonaswa hutanuka na kuanza kuinyanyua vinili.

Laza vinili juu ya mstari mzima bila kuivuta. Sukuma kwa kadi ya plastiki yenye ukingo wa kitambaa, ukiacha kila ribiti na kihema chake. Toboa kihema kwa sindano nyembamba mahali pawili, pembeni ya kichwa, si juu yake. Pasha kwa kipuliza joto hadi vinili ilegee na kung'aa, kisha bonyeza kwa brashi ngumu ya duara, ukizungusha kutoka kichwani kwenda nje. Fanya ribiti tano au sita, iache ipoe, ndipo uendelee. Ukibonyeza ikiwa moto mno utaikondesha, na hapo ndipo itakapopasuka baadaye.

Mwishoni rudi na upashe mstari wote hadi nyuzi 90 au 95, ukipima kila mahali. Joto hilo huifanya vinili isahau umbo la awali. Bila hilo, vihema vitarudi wiki ijayo, juani. Kwenye boneti ya fiberglasi usifike huko: epoksi iliyokaushwa bila tanuri huanza kulegea kati ya nyuzi 60 na 80. Hapo tumia vipande vidogo visivyohitaji kuvutwa.

Hatua ya 6: Kukata

Kisu kisiguse bati. Mkwaruzo mmoja kwenye alumini ni mwanzo wa ufa. Tumia tepu yenye uzi wa kukatia ndani: ibandike kabla, laza vinili juu, kisha vuta uzi. Ni ghali, na sikubali mbadala wake kwenye mabawa.

Acha wazi matundu ya kupimia hewa, ya kutolea maji, tundu la kupumulia la tangi, vifuniko vya ukaguzi na eneo la bomba la moshi. Kuzunguka mdomo wa tangi acha rangi, maana petroli hulainisha gundi.

Hatua ya 7: Eleroni, eleveta na usukani wa mkia

Hizi ni sehemu zinazocheza kwenye bawaba ili kuongoza ndege. Zitoe kwenye bawaba. Usipitishe vinili juu ya pengo, wala usikunje tabaka kwenye ukingo wa nyuma: uzito nyuma ya bawaba unaweza kuanzisha mtetemo unaovunja mkia angani. Pima tena ulinganifu wa uzito wa kila moja, na usipokubaliana na kipimo cha mchoraji wa ndege, bandua vinili.

Hatua ya 8: Kabla ya kuruka

Pima ndege upya, andika uzito na kitovu chake cha uzito kwenye kitabu cha ndege. Herufi za usajili, ambazo kwa Uganda huanza na 5X, zirudi: Kiambatisho 7 cha Mkataba wa Chicago kinataka angalau sentimita 50 kwenye bawa na 30 kwenye kiwiliwili. Ziba kingo zinazotazama upepo kwa tepu ya kuziba, ngoja saa 48, kisha pitisha ukucha kwenye kila kiungo. Baada ya ruko la kwanza rudia ukaguzi huo, ukianzia nyuma ya propela. Ukingo ulionyanyuka usigandishwe kwa gundi ya dukani. Kata kipande hicho na uweke kipya.