SOMO: Kumtungia mtoto hadithi ya mzimu katika nyumba kongwe ya Bagamoyo

Anza na nyumba. Wengi hubuni kwanza mzimu mwenye macho mekundu, kisha wanamtafutia pa kukaa, ndiyo maana hadithi zao zinafanana.

Hatua ya 1. Nenda Mji Mkongwe wa Bagamoyo mchana kweupe, uzitazame nyumba zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko si ndefu, kwa hiyo chumba hutoka chembamba, kikarefuka upande mmoja. Mpeleke mtoto wa hadithi hadi mwisho wa chumba hicho, kibatari mkononi, mlango uko mbali nyuma yake. Mzimu hujamtaja, na msikilizaji keshasogea karibu yako. Tena chumvi ya bahari inakula lipu, vipande vinadondoka ovyo. Popo wamo darini. Kusi ikivuma, dirisha bovu linagonga usiku kucha.

Hatua ya 2. Chagua sauti tatu: mbili zieleze, moja iache. Tuseme mtoto wa hadithi anaitwa Tatu: yeye na mdogo wake wanasikia kishindo, kumbe lipu. Wanasikia kitu kinapigapiga juu, popo. Halafu jikoni, kwaru, kwaru, mtu anakuna nazi, na mbuzi ya nazi imekunjwa ukutani tangu bibi afariki. Hapo nyamaza kidogo.

Hatua ya 3. Mzimu awe na haja, ndogo, ya mtu wa nyumbani. Bibi aliacha nazi katikati, wali haukuungwa. Tatu akikaa juu ya mbuzi akaimalizia, sauti inakoma. Wapo wanaopenda mzimu wa mtumwa anayeburuza minyororo, kwa kuwa misafara ilishukia hapa. Mimi sipendi. Wale walikuwa watu waliouzwa. Mtoto asimuliwe habari zao kwa heshima, si kwa kutishwa.

Hatua ya 4. Kusimulia. Paukwa! Pakawa! Punguza taa, usizime zote. Sauti ya kukuna nazi iige kwa kucha juu ya mkeka.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka mitano, si atakojoa kitandani?
— Marahaba, mama. Huyo mwelezee sauti zote, hata ya tatu iwe paka anayelamba kifuu. Na msimulie kabla ya chakula cha usiku. Akishaletewa sahani atasahau. Ya kitandani mwachie wa miaka tisa, kumi.

Mwalimu, Bagamoyo bila jini? Kwa nini umemkwepa?
— Kaka, majini watoto wanayasikia madrasa, ni jambo la imani. Ukiyachezea, mzazi wa jirani atakuja kukuuliza, na atakuwa na haki. Bibi ni wa ukoo, anajulikana alivyokuwa akikohoa na alivyopenda kahawa. Mtoto anamwogopa huku anamkumbuka, na jini huwezi kumkumbuka.

Je, niiweke hadithi kwenye Boma la Wajerumani? Jengo lenyewe linatisha.
— Linatisha kwa ukubwa tu. Lilijengwa 1897 kuwa makao ya utawala wa Wajerumani. Hapakuwa na bibi wala mbuzi ya nazi. Mzimu wa ofisini atahitaji nini, muhuri? Ukipata jibu iandike, nitaisoma.