Java: jinsi ya kupitisha thamani kwenda kwenye konstrakta ya klasi mama

Kama umeshaanza kurithisha klasi, kuna sehemu inakwamisha watu wengi sana: klasi mtoto inapokea thamani kadhaa ila nyingine ni za klasi mama, sasa zinafikaje kule juu? Zinapita kwenye super, yaani neno la Java linaloita konstrakta (sehemu ya klasi inayotengeneza obijekti) ya mama. Tufanye na mfano wa daladala.

Hatua ya 1. Anza na mama.

```java
class Gari {
    private final String namba;
    private final int viti;

    Gari(String namba, int viti) {
        if (viti < 1) throw new IllegalArgumentException("Idadi ya viti sio sahihi");
        this.namba = namba;
        this.viti = viti;
    }
}
```

Fildi zote (namba na viti) ni private, yaani zinafikiwa ndani ya Gari tu, na ukaguzi wa viti uko hapahapa. Hili nalisisitiza maana wengi wanatoa final na kugeuza private kuwa protected (mtoto anaruhusiwa kuzifikia) ili mtoto azijaze mwenyewe, afu kesho ukiongeza Basi na Bajaji unajikuta unakopi ukaguzi uleule kila mahali, na ukisahau mahali pamoja tu gari lenye viti -4 linaingia kwenye sistimu kimyakimya.

Hatua ya 2. Mtoto.

```java
class Daladala extends Gari {
    private final String ruta;

    Daladala(String namba, int viti, String ruta) {
        super(namba, viti);
        this.ruta = ruta;
    }
}
```

Mtoto kapokea vitu 3, viwili kavipandisha kwa mama, ruta kabaki nayo. Fuata mpangilio wa konstrakta ya mama, majina sio lazima yafanane. Na thamani sio lazima itoke nje, kwenye Bajaji unaandika tu `super(namba, 3);` na anayetengeneza bajaji haulizwi viti kabisa, hii mi ndo naipenda kuliko zote.

Hatua ya 3. Futa ule mstari wa super ukompaili, uione hii erori kwa macho yako:

```
constructor Gari in class Gari cannot be applied to given types;
```

Usipoandika super, kompaila inajiwekea `super()` tupu, na Gari haina konstrakta isiyo na parameta. Usiitibu kwa kumwongezea Gari konstrakta tupu, utalazimika kuweka namba ya uongo humo ndani. Pitisha thamani, basi.

Hatua ya 4. Ukitaka kusafisha thamani kabla haijapanda, inawezekana: `super(namba.trim(), viti);`. Ukitumia methodi yako mwenyewe ya Daladala iwe static (ya klasi yenyewe, sio ya obijekti), maana obijekti bado haijakamilika. Kuanzia Java 25 iliyotoka 2025 unaruhusiwa kuweka kodi kama ya ukaguzi juu ya super, zamani super lazima ingekuwa mstari wa kwanza, ila kusoma fildi za obijekti kabla ya super bado hairuhusiwi.

Sasa mtego wenyewe. Usiite ndani ya konstrakta ya mama methodi ambayo mtoto anaweza kuiandika upya. Tuseme Gari inaita `onesha()` na Daladala kaiandika upya iprinti ruta, basi itaprinti null (yaani hakuna thamani) hata kama umepitisha "Mbagala - Kariakoo", kwa sababu konstrakta ya mama inamaliza kwanza ndo mstari wa `this.ruta = ruta` ufikiwe, na kompaila haitakwambia kitu. Iite `onesha()` nje, baada ya `new Daladala(...)`, hapo ruta itakuwepo.