Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Video Usio na Msaili

Barua pepe ya kuitwa kwenye usaili siku hizi huweza kuja bila saa, bila ukumbi na bila jina la mtu wa kumwulizia. Ndani yake mna kiungo na siku ya mwisho ya kukitumia. Ukikifungua, swali linatokea kwenye kioo cha simu au kompyuta, unahesabiwa, kwa mfano, sekunde 30 za kutafakari, kisha kamera inaanza kurekodi na una dakika mbili za kujibu. Upande wa pili hakuna mtu. Jibu lako linahifadhiwa ili afisa rasilimali watu alitazame kwa wakati wake, na katika baadhi ya kampuni hupitiwa kwanza na programu inayogeuza maneno yako kuwa maandishi na kuyapa alama.

Mara ya kwanza nilipofanya usaili wa aina hii nilianza kwa kusema, "Habari za asubuhi, natumaini hamjambo," kisha nikanyamaza kama adabu inavyotaka, nikisubiri kuitikiwa. Nilipozinduka, sekunde kumi na kitu zilikuwa zimeshakwenda, na mwisho wa jibu langu ulikatwa katikati ya sentensi. Maswali yenyewe yalikuwa yale yale ya siku zote. Kilichonipotea ni uso wa msikilizaji, kwa maana msaili anapotikisa kichwa, anapokunja uso au anaposema "enhe", anakuongoza bila wewe kujua, na hutambui ni kiasi gani ulikuwa unamtegemea mpaka siku anapokosekana.

Kabla ya kufungua kiungo

Usifungue kiungo kwa nia ya kuchungulia tu, kwa sababu mifumo mingine huhesabu kwamba umeanza na hairuhusu kurudia. Soma kwanza mwaliko wote utafute mambo haya: maswali ni mangapi, kila jibu lina muda gani, unaruhusiwa kurekodi upya mara ngapi, na nani au nini kitakachotathmini majibu. Jambo hilo la mwisho mara nyingi halisemwi. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika Januari 2020 inamtaka mwajiri anayetumia akili mnemba kuchambua video za usaili amjulishe mwombaji mapema, amweleze mfumo unavyofanya kazi, apate ridhaa yake, na afute video ndani ya siku 30 baada ya kuombwa. Sheria hiyo haimlindi mwombaji aliyeko Morogoro au Kisumu anayeomba kazi ya huko huko, lakini inatoa kipimo kizuri cha maswali ambayo mtu yeyote anaweza kumwuliza mwajiri kwa heshima: "Naomba kufahamu iwapo majibu yangu yatapitiwa na mtu au na programu, na video itahifadhiwa kwa muda gani."

Mwandikie mwajiri swali hilo mapema, pamoja na maswali yako kuhusu kazi yenyewe, kwa kuwa ndani ya usaili hutapata nafasi ya kuuliza chochote. Naona hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote za mtindo huu, maana usaili wa ana kwa ana humpa pia mwombaji fursa ya kumpima mwajiri. Hata hivyo mtindo huu una faida yake: aliyeko Sumbawanga halazimiki kulipa nauli ya basi mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya mazungumzo ya dakika 20.

Kujizoeza kusema na asiyeitikia

Chukua simu, iegemeze kwenye vitabu mpaka kamera ifikie usawa wa macho, weka kipima muda cha dakika mbili, ujirekodi ukijibu swali la kawaida kama "Eleza changamoto uliyoitatua kazini." Katika muda huo, ukisema bila kukimbia, utamudu kama maneno 200 hivi, na ni machache kuliko unavyodhani. Salamu iwe ya sentensi moja isiyosubiri jibu. Kisha taja hali ilivyokuwa, wajibu wako, hatua ulizochukua na matokeo yake. Mtunza bohari, kwa mfano, anaweza kusema hivi: "Nilipopokea bohari, hesabu ya vitabu na ya rafu zilipishana kila mwezi. Nilianza kuhesabu kila Ijumaa bidhaa kumi zinazotoka sana, badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Baada ya miezi mitatu tulijua kwamba tatizo lilikuwa hati za kutolea mizigo zilizochelewa kusainiwa, si wizi." Hapo msikilizaji hahitaji kuuliza "ulifanya nini hasa?", na ni vema iwe hivyo, kwa kuwa hayupo wa kuuliza.

Jitazame baada ya kurekodi, ingawa hakuna anayefurahia zoezi hilo. Wengi wetu hugundua kwamba tulikuwa tukiangalia sura yetu kwenye kioo badala ya tundu la kamera, na mtazamaji huona kama tumeinamisha macho. Bandika kipande cha karatasi kufunika picha yako. Usisome jibu lililoandikwa, maana macho yanayokwenda kushoto na kulia hukufichua mara moja. Andika maneno matatu au manne ya kukukumbusha, uyaweke kando ya kamera.

Ikiwa programu ndiyo itakayoandika maneno yako, lafudhi nayo ina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford ulipima mifumo mitano ya kampuni kubwa inayogeuza sauti kuwa maandishi na kukuta kwamba ilikosea takriban asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi, ikilinganishwa na asilimia 19 kwa Wamarekani weupe. Huna sababu ya kuiga Kiingereza cha mtu mwingine. Punguza kasi, tamka kikamilifu majina ya vifaa, vyeti na takwimu, na kila kifupisho kitaje kwa urefu wake angalau mara moja. Kuhusu kutabasamu ili kuiridhisha mashine, usijisumbue sana: HireVue ya Marekani, mojawapo ya kampuni zinazojulikana zaidi katika biashara hii, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchambua sura za wasailiwa.

Mengine ni ya kawaida. Dirisha liwe mbele yako, simu za wengine ziwe kimya, chaji ijae kwa tahadhari ya umeme kukatika, na bando liwe la kutosha, kwani majibu matano ya dakika mbili mbili huweza kula megabaiti mia moja au zaidi.

Baada ya kutuma

Ukikataliwa na ukawa na sababu ya kuamini kwamba mashine ndiyo iliyoamua peke yake, unaweza kuandika kuomba mtu apitie uamuzi huo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mfumo wa kiotomatiki pekee, ingawa kina vighairi vyake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inagusa uamuzi wa aina hiyo. Taja sheria kwa jina, tarehe ya usaili na nafasi uliyoomba, na barua isizidi nusu ukurasa.

Lakini kabla ya yote hayo, mara tu unapomaliza kutuma, chukua daftari uandike maswali yote uliyoulizwa na mifano uliyoitoa. Mfumo hautakuonyesha tena video yako, na ukiitwa kwenye hatua ya pili, msaili wa kweli atakuwa ameitazama na ataanzia hapo ulipoishia.