Kununua gari yadi Dar: jua kwanza muuzaji imemgharimu shilingi ngapi, ndio ufungue mdomo

Wengi wakifika yadi wanaanza kubembeleza, "bosi nipunguzie basi", muuzaji anakuna kichwa anatoa laki tano, mnapeana mikono, mtu anaondoka kafurahi kumbe ile laki tano ilishapandishwa kabla hajafika. Kupatana bei ya gari ni hesabu kwanza, maneno baadae. Gari ile imemgharimu muuzaji kiasi fulani mpaka ikasimama pale, na kiasi hicho hawezi kukiachia hata umlilie, kinachozungumzika ni faida yake tu. Sasa kama hujui faida inaanzia wapi utajuaje umepunguziwa?

Naongelea zile gari ambazo wengi wetu ndio tunaziita mpya, imetoka Japani, haijatembea Bongo, iko yadi Kinondoni, Mwenge au barabara ya Nyerere. Zero kilomita, yaani mpya kabisa ya shorumu, nitaigusia kidogo mbele.

Hesabu yenyewe unaifanya nyumbani kwa simu. Ingia kwenye tovuti za wauzaji wa Japani kama BE FORWARD au SBT, tafuta gari inayofanana kabisa na unayoitaka, modeli hiyohiyo, mwaka huohuo, cc hizohizo, kilomita zinazokaribiana, weka bandari ya Dar es Salaam alafu soma bei ya CIF, maana hiyo ndio ina gari, meli na bima. Ile ya FOB ni bei ya gari ikiwa bado kule, meli hujalipia, watu wengi wanaiona hiyo wanapiga hesabu wanakuja yadi wamekasirika bure. Angalia gari kadhaa usiangalie moja, upate bei ya katikati. Ukimaliza nenda tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika, unachagua aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, mafuta, inakuletea kodi yote kwa shilingi. Na jua kwamba TRA wana thamani yao kwa kila gari, kwaiyo mtu akikwambia yeye ana njia zake za kulipa kodi kidogo, muache na njia zake.

Hapo kwenye mwaka tulia kidogo. Gari ikifika miaka 8 inaanza kulipa kodi ya uchakavu asilimia 15, ikizidi miaka 10 inakuwa asilimia 30, na hiyo ndio sababu unakuta gari mbili zimeachana mwaka mmoja tu, ile ya zamani kule Japani ni rahisi kabisa lakini ikishatoka bandarini imekaribiana bei na mwenzake au imempita. Ukiona muuzaji anang'ang'ania bei kubwa kwa gari ya zamani, mara nyingi kodi imembana kweli, hapo bora uhamie kwenye gari ya mwaka wa mbele kuliko kupoteza mchana mzima mnavutana.

Juu ya CIF na kodi ongeza gharama za bandari na wakala wa forodha. Mpigie wakala yeyote muulize kutoa gari kama hiyo jumla inafika ngapi, atakwambia, ndio biashara yake.

Tuseme, namba za mfano tu, unataka Toyota IST. CIF dola 4,000, ukizidisha kwa shilingi 2,600 ni milioni 10.4. Kikokotoo kimekupa kodi milioni 8.6. Bandari na wakala milioni 1. Jumla milioni 20. Yadi wanataka 24.5. Sasa umeshajua mnaongelea milioni 4.5, zile 20 zimeshaenda. Mimi hapo ningeanza na 21, nikilenga kumaliza kati ya 22 na 22.5. Usitake kumuachia faida ya laki mbili tu mtu ambaye hela yake imelala toka alipie Japani, gari ikakaa baharini wiki kadhaa, sasa hivi analipa pango na mlinzi, atakukatalia na atakuwa na haki. Ila milioni nne na nusu yote kwenye IST moja ni nyingi mno na yeye anajua.

Atakwambia dola imepanda. Muulize kwa upole tu, "kaka hii gari umeiagiza lini?" Kama iko yadi toka miezi minne iliyopita basi dola ya leo haimhusu, alinunua kwa dola ya wakati ule. Akisema kodi imepanda, fungua kikokotoo mbele yake mjaze wote. Huna haja ya kupandisha sauti, ukionyesha unajua gharama yake maongezi yenyewe yanabadilika.

Kingine kinachoshusha bei ni gari yenyewe, na hapa ndio watu wanapita haraka. Nenda asubuhi, siyo jioni mwanga umepungua, na nenda na fundi wako wewe, sio fundi wa palepale. Omba karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari ilipouzwa kule. Gredi 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 ina mikwaruzo na michubuko ya kawaida, ukiona R au RA hiyo ilishapigwa ikatengenezwa, inaweza kuwa gari nzuri tu lakini bei yake haiwezi kulingana na ya gredi 4. Kwenye mchoro wa bodi herufi A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W palipigwa rangi au kunyooshwa, XX hicho kipande kimebadilishwa. Omba pia cheti cha eksipoti uangalie kilomita zilizoandikwa mule, linganisha na dashibodi. Dashibodi ikisoma chache kuliko cheti usizungumze bei tena, ondoka.

Alafu tairi. Ubavuni kuna namba nne zimezungushiwa duara, mfano 1817, maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2017. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kumbe imezeeka. Na ukikuta imeandikwa STUDLESS hizo ni tairi za theluji, mpira wake laini, kwa joto la Dar na lami yetu zinaisha haraka na hazishiki vizuri, kwaiyo unahesabu seti nzima ya tairi mpya na unaidai kwenye bei. Hapo huombi hisani, unataja gharama ambayo itakuangukia wewe wiki ileile.

Zipo na ndogondogo: funguo ni moja au mbili, maana funguo ya pili ya gari ya kubonyeza ni hela nyingi, betri ya lini, spea tairi na jeki vipo, redio bado ni ya Japani inayoishia FM 90 kwahiyo stesheni nyingi hupati mpaka iwekwe bendi ekspanda, kifaa cha kuifanya ishike masafa yetu. Ziandike zote kwenye karatasi. Muuzaji akikwama kushusha hela, hizi anaweza kukufanyia, kwake ni gharama ndogo na kwako ni laki kadhaa zimebaki mfukoni.

Sasa dalali. Simchukii dalali, wengine wanajua gari na wanatafuta kwa bidii, ila ukimuacha ndio awe mdomo wako anaweka cha juu na hutajua kamwe ni shilingi ngapi. Mwambie mapema, "mdogo wangu, mimi chako nitakupa pembeni, kiasi hiki, ila bei naongea na mwenye gari mwenyewe." Akikataa kukukutanisha na mwenye gari, cha juu ni kikubwa.

Ukikaa kuongea usitaje bajeti. Watakuuliza, "bosi una ngapi?" Jibu lako, "inategemea na gari, nimeona kama hii sehemu mbili." Na iwe kweli umeona, kaangalie yadi nyingine kwanza. Taja bei yako na sababu yake kisha nyamaza, kunyamaza ni kugumu lakini vumilia, watu wengi wanataja 21 na kabla hajajibiwa wanaongeza wenyewe "au basi 22". Ukipanda panda kidogokidogo, laki tano, laki tatu, laki moja, aone unaishiwa. Atasema kuna mteja anakuja saa tisa na keshi, sawa, mwachie namba yako uondoke. Kama bei yako ilikuwa na faida ndani yake simu itapigwa, labda si leo. Dada zangu nao, mkienda na kaka au shemeji akawa ndio anaongeleshwa yeye tu, rudisheni maongezi kwenu, hela ni yenu na hesabu mmeifanya wenyewe.

Muda nao unasaidia. Desemba watu wanatafuta gari za kwenda nazo nyumbani, hasa wa Moshi, muuzaji hana shida na wewe. Januari ada za shule zimebana, wateja wachache na pango linadaiwa palepale, mwenye hela mkononi anasikilizwa.

Kwa zero kilomita, shorumu rasmi bei haishuki sana, pale omba vitu: sevisi za mwanzo, bima ya mwaka wa kwanza, mikeka, tinti, na uliza kama kuna ya mwaka jana imebaki au ya maonyesho, hizo ndio zinapungua kweli. Chukua profoma, yaani hati ya bei, kwa maandishi, ukiwa na mbili za shorumu tofauti unaongea vizuri zaidi.

Mkishakubaliana usitoe "chochote cha kushikia" bila karatasi inayoonyesha namba ya chasisi, bei mliyopatana na kwamba hela inarudi gari ikikutwa na tatizo. Karatasi iseme wazi nani analipia kubadilisha jina kwenye kadi ya gari, wengi wanashusha milioni kwenye bei wanakuja kuongezewa hapo mwishoni. Linganisha chasisi ya kwenye kadi na ya kwenye gari kwa macho yako, hela ipite benki kwa jina lilelile lililo kwenye kadi au la kampuni ya yadi, na mkataba usainiwe mbele ya wakili kabla gari haijatoka getini.