Kabla Hujafunga Gesi kwenye IST Yako

Kijiweni kwetu Kimara, dereva akianza kufikiria kufunga mfumo wa gesi asilia (CNG), ili gari litembee kwa gesi badala ya petroli, huuliza kwanza, "Inafungwa shilingi ngapi?" Mimi huwajibu kwa maswali mawili: unatembea kilomita ngapi kwa siku, na njia zako zinapita karibu na kituo cha gesi? Bei ya kufunga itakuwa na maana ukishajibu hayo.

Chukua Toyota IST ya injini ndogo. Kwa foleni zetu, lita moja ya petroli inakupa kama kilomita 12. Kilo moja ya gesi ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu, kwa hiyo inakusogeza kilomita 17 au 18. Gesi tumezoea kuinunua shilingi 1,550 kwa kilo. Petroli tuiweke 2,900, ingawa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei mpya kila mwezi. Dereva wa teksi mtandao anayepiga kilomita 150 kwa siku atachoma petroli ya elfu thelathini na sita, au gesi ya elfu kumi na tatu. Mfumo wa gari dogo ukikugharimu milioni mbili, umezirudisha ndani ya miezi mitatu au minne ya kazi. Lakini mfanyakazi wa ofisini anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi, kilomita 30, anaokoa elfu nne na ushee tu. Huyo atasubiri mwaka na nusu au zaidi, na mimi humshauri asikimbilie.

Kama gari ni la bosi, kaa naye chini kabla ya kugusa spana. Bosi akisikia umefunga gesi, anapandisha hesabu unayompelekea, na faida yote inahamia mfukoni kwake wakati mfumo umeulipia wewe. Andikianeni: nani analipa, hesabu inabaki ileile kwa muda gani, na mkiachana mtungi ni wa nani. Mtungi unaweza kufunguliwa na kuhamishiwa gari lingine, kwa hiyo ni mali inayojitegemea. Aliye kwenye gari la mkataba ana nafuu, maana anafunga akijua gari litakuwa lake.

Sasa fundi. Usimchague kwa bei, mchague kwa mtungi. Gesi hii inashindiliwa kwa mgandamizo wa bar 200, wakati tairi lako lina bar mbili na kitu. Mtungi wa kupikia hauwezi kabisa kazi hiyo, hata ukichomelewa vipi, na ndani yake kuna gesi ya aina nyingine. Mtungi halali umegongwa muhuri shingoni: namba yake, mwezi na mwaka uliotengenezwa, mgandamizo wake na tarehe ya kupimwa. Soma mwenyewe kwa tochi, piga picha, kisha dai cheti chenye namba hiyohiyo. Fundi akianza kusema cheti kitakuja wiki ijayo, chukua funguo zako uondoke. Zipo karakana zinazotambulika, ikiwemo ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), na baadhi yake zinakubali malipo kwa awamu.

Kabla hawajafunga, waambie wapime injini ikiwa bado kwenye petroli. Gari ambalo injini yake inakatakata kwa petroli litakatakata zaidi kwa gesi, kwa sababu gesi ni ngumu kuwasha na inataka cheche kali. Plagi zilizochoka, koili inayovuja umeme, chujio la hewa lililojaa vumbi la Goba, vyote vitoke kwanza. Dai mfumo unaopulizia gesi kila silinda kwa nozeli yake na wenye kompyuta yake ndogo. Ule wa zamani wa kuchanganyia gesi kwenye njia ya hewa uwaachie magari ya kabureta.

Ukikabidhiwa gari, usiondoke bila jaribio la povu. Fundi apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, kuanzia mtungi hadi reguleta (kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi), nawe uangalie kwa macho yako. Akuoneshe pia koki ya kufungia kwa mkono kwenye mtungi. Ukisikia harufu ukiwa barabarani: egesha, zima, fungua vioo vyote, shusha abiria, funga koki. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, inapanda na kupotea ikipata upenyo, ndiyo maana vioo vinaanza kabla ya simu kwa fundi.

Buti utalisahau. Mtungi unaobeba kilo 11 za gesi unameza nafasi ya masanduku, na ukiwa wa chuma unaongeza uzito kama wa abiria mmoja anayekaa nyuma siku zote. Springi za nyuma ziangalie. Abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku matatu, mwachie mwenzako. Mlima nao utausikia, nguvu inapungua kidogo.

Petroli usiiache iishe. Gari linawaka kwa petroli, likipata moto ndipo linahamia gesi lenyewe. Isitoshe, pampu iliyomo ndani ya tangi inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Wanaotembea na taa ya mafuta inawaka mwezi mzima kwa sababu "nina gesi" hununua pampu. Bakiza robo tangi, na kila siku tembea kidogo kwa petroli ili nozeli zake zisigande.

Kituoni, abiria wote wanashuka, injini inazimwa, na sigara iwe mbali. Nenda usiku sana au alfajiri: foleni ni fupi, na hewa ya baridi inafanya mtungi upokee zaidi. Saa saba mchana gesi inapata joto inaposhindiliwa, geji inasoma imejaa, kisha ukifika Mbezi imeshuka. Kituo mama cha TPDC (shirika la taifa la mafuta na gesi), barabara ya Sam Nujoma, kimeongeza pa kujazia, lakini magari nayo yanaongezeka.

Wapo wanaoniambia nisubiri umeme, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Kwa bodaboda na bajaji nakubali, ila gari la umeme la bei ya IST iliyotumika silioni bado. Wala sidai gesi ni safi kabisa. Ni mafuta ya kuchimbwa, ila masizi hayapo, hewa ukaa inapungua kwa karibu robo, na inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, kusini mwa nchi yetu, badala ya kuletwa na meli.

Safari ya mkoani ipigie hesabu kwa petroli tupu. Vituo vingi vya gesi viko Dar es Salaam, na mtungi wa kilo 11 ukiondoka nao umejaa Ubungo, utakufikisha Morogoro kwa shida, na wa kurudia hautabaki.