Dizeli Imemwagika Shambani? Usifukie

Msimu huu wa vitunguu nimeitwa mara tatu mashamba ya bondeni Ruaha Mbuyuni kwa kesi ileile, na mara zote tatu nimekuta kosa limeshafanyika. Dumu la dizeli limepinduka kando ya mashine ya maji, au tangi limevuja usiku kucha. Asubuhi mwenye shamba anatafuta toroli, analeta udongo mwekundu, anafukia palipolowa, anashindilia kwa miguu, na wiki inayofuata anahamishia miche papo hapo. Baada ya mwezi na nusu simu inaita: "Bwana shamba, nimetia yurea mara mbili, vitunguu bado njano."

Vitaachaje kuwa njano? Shamba la tatu nilishika jembe mwenyewe. Udongo wa toroli ulikuwa na kina cha shubiri moja, mzuri tu. Chini yake likatokea tabaka la kijivu, na harufu iliyopanda ilikuwa kali kama dizeli ya jana, ilhali ilimwagika wiki nyingi nyuma. Nikachukua bonge lililokauka la udongo huo nikalidondoshea maji. Tone likakaa juu likiviringika, kama tone kwenye jani la gimbi. Halikunywea. Huo ndio udongo ambao mwenzetu alikuwa anaumwagilia kila baada ya siku nne.

Kilichotokea ni hiki. Udongo wa kawaida una bakteria wanaoweza kula dizeli, wakiwemo wa jamii ya Pseudomonas na Rhodococcus. Hawanunuliwi dukani, na anayekuuzia chupa ya "dawa ya kusafisha udongo" sokoni muulize kwanza ndani mna nini. Mafuta yakiingia, walaji hawa huongezeka haraka. Lakini wanataka hewa, na wanataka hewa nyingi: kilo moja ya dizeli huhitaji zaidi ya kilo 3 za oksijeni ili iliwe ikaisha. Kwa lita moja, hiyo ni oksijeni yote iliyomo kwenye hewa ya chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha mita 2 na nusu. Sasa wewe umeleta toroli tano za udongo, umewafunika na umewashindilia. Wakikosa hewa, bakteria wengine huanza kuvuta oksijeni iliyoshikwa kwenye nitrati, kisha kwenye manganizi, kisha kwenye chuma. Ndiyo sababu ya ile rangi ya kijivu. Manganizi iliyoyeyuka ikizidi huumiza mizizi, na kazi ya kula dizeli inakwenda polepole mno.

Ya pili ni njaa ya nitrojeni. Katika kila kilo ya dizeli, gramu 860 hivi ni kaboni, na nitrojeni ya maana haimo. Bakteria hawajengi miili yao kwa kaboni peke yake, kwa hiyo wanaikomba nitrojeni yote ya udongoni na kitunguu chako kinabaki kutazama. Juu ya hapo, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati hudhurika upesi kuliko hao walaji, na kuvu wanaoisaidia mizizi ya vitunguu kufikia fosforasi hupungua. Mkulima anaona njano anatia yurea, mbolea ya nitrojeni, juu ya tuta. Anawalisha bakteria, siyo vitunguu.

Basi fanya hivi. Saa ya kwanza, ziba panapovuja, zuia moto na sigara, na chora tuta dogo kuzunguka doa lote. Mwaga maranda au pumba kavu, subiri zinyonye, zoa siku hiyohiyo. Usizichanganye na udongo, maana nazo zinakula nitrojeni. Zitie kwenye pipa lenye mfuniko, na tafadhali zisiende jikoni. Usimwage maji, na usimwage sabuni ya unga. Sabuni haiondoi dizeli, inaishusha chini ambako jembe halifiki. Wala usichome.

Kisha pima doa. Narudia: pima, kwa kamba au kwa hatua, usikadirie ukiwa umesimama barabarani. Chukua mfano wa lita 10 zilizomwagika kwenye mita za mraba 4 na kuzama sentimita 15. Udongo huo ni karibu kilo 800. Ulime wote hadi sentimita 20, vunja mabonge yawe madogo kama punje za mahindi, uache wazi. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, debe 1 kwa kila madebe 5 ya udongo. Mbolea mbichi ya kuku hapana, ukiichanganya na yurea utaunguza hao hao unaowategemea.

Yurea: gramu 80 kwa kila lita ya dizeli, kwa ujumla wake, siyo kwa mara moja. Igawe mara nne, gramu 20 kila wiki mbili. Kisoda kimoja kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo ni visoda 4 kwa lita kila awamu, na kwa mfano wetu visoda 40. Awamu ya kwanza ongeza mbolea ya DAP visoda 5 kwa kila lita kwa ajili ya fosforasi, basi, hairudiwi. Tia jioni na uichanganye kwa jembe saa hiyohiyo. Kuna aliyesikia "yurea inasaidia" akamwaga nusu mfuko kwenye doa la mita 4. Hiyo ni chumvi, ndugu yangu. Bakteria hukaukiwa kama mche uliolundikiwa mbolea shinani.

Kila siku ya 7 pindua udongo wote kwa jembe, sentimita 20 kwenda chini. Wengi hupindua mara mbili za mwanzo, kisha wanasema "unajipa wenyewe". Haujipi. Unyevu upime kwa kiganja: ukiufinya ufanye bonge, lakini maji yasitoke kati ya vidole. Tope linafukuza hewa sawasawa na kufukia. Mvua kubwa ikikaribia, funika kwa turubai usiku, asubuhi funua.

Kwa joto la kule bondeni hesabu miezi 3 hadi 6. Harufu ikiisha na maji yakinywea, panda mbegu 20 za mchicha kwenye kopo la udongo huo na 20 kwenye udongo safi, linganisha siku ya 10. Zikikaribiana, anza na mahindi, vitunguu na karoti vingoje msimu mwingine.

Haya ni ya dizeli ya madumu. Oili chafu ya injini ina metali ambazo hakuna bakteria wa kuzila, hiyo isiguse shamba kabisa. Na lori la mafuta likipinduka barabarani juu ya mashamba, kaa mbali, tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, ya Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu. Mwambie mtendaji wa kijiji, naye ataarifu NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.

Wewe uliyekwisha kufukia, fukua. Udongo mwekundu wa juu, kama haunuki, uweke pembeni, utautumia kwa tuta la kuzungushia. Wiki zako uzihesabu kuanzia siku uliyofukua, siyo siku dumu lilipopinduka.