Kabla Hujahamia Mji wa Wakulima Iowa

Ukiwa Marekani na kodi ya nyumba jijini imekushinda, utasikia ndugu wakikwambia njoo jimbo la Iowa, kwa wakulima, nyumba nafuu na kazi tele. Si uongo. Ila kazi yenyewe haiko shambani. Shamba la wastani Iowa ni kama ekari 350, na familia moja yenye trekta na kombaini hulima na kuvuna bila kuita vibarua. Hata hayo mahindi utakayopishana nayo njia nzima si ya ugali. Mengi huenda kwa nguruwe na ng'ombe, au hugeuzwa ethanoli ya magari. Ajira ya mgeni iko kiwanda cha nyama.

Kwa hiyo uliza mapema kiwanda kinachinja nini. Storm Lake, mji wa watu kama 11,000 kaskazini magharibi mwa jimbo, una kiwanda cha nguruwe na cha bata mzinga, na Mwislamu afadhali ajue atapangiwa kipi kabla hajafunga mizigo. Uliza zamu, maana ukipewa ya usiku mtoto atabaki na nani? Waulize pia walioko ndani mikono yao ikoje. Kukata nyama kwa mkato uleule kutwa nzima, tena kwenye ubaridi, huumiza viganja na mabega, na anayekujibu "utazoea" muulize ameanza lini.

Kisha tazama kama mji una mwajiri wa pili. Perry, mji mwingine wa Iowa wenye watu kama 8,000, ulikuwa na kiwanda cha nguruwe cha kampuni ya nyama ya Tyson kilichoajiri watu wapatao 1,300. Kilifungwa Juni 2024. Mwenye gari aliweza kutafuta kazi Des Moines, mji mkuu wa jimbo, mwendo usiofika saa moja. Asiye na gari angeanzia wapi? Leseni na gari basi ni vya kupata kabla ya kuhama, pamoja na akiba ya kodi ya miezi michache. Koti zito na viatu vya theluji havihitaji maelezo.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni maji. Mjini ni ya bomba na hupimwa. Ukipanga nyumba ya nje ya mji, katikati ya mashamba, huenda unakunywa ya kisima, na mbolea ya mahindi huacha ardhini kemikali iitwayo naitreti, ambayo hufika kisimani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya umma ni miligramu 10 kwa lita. Anayeumia haraka ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Na mazoea yetu ya kuchemsha hapa hayasaidii kitu: maji hupungua, naitreti inabaki palepale, na kila kikombe kinakuwa nayo zaidi. Peleka sampuli ikapimwe kupitia ofisi ya afya ya kaunti, na hadi majibu yatoke mtoto atumie maji ya chupa.

Kama mji mdogo unakutia hofu, Cedar Rapids ina watu zaidi ya 130,000 na Wakongo si haba, kwa hiyo Kiswahili utakisikia. Huko nako riziki ni ya nafaka, kwani viwanda vya oti na mahindi viko mjini kabisa na hewa yake hunukia uji. Lakini tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo iliezua mapaa, na familia za wakimbizi zikalala kwenye mahema nje ya magorofa waliyokuwa wamepanga. Bima ya mwenye nyumba hulipia jengo lake. Kitanda, televisheni na nguo zako hulipiwa na bima ya mpangaji, ambayo ni dola chache kwa mwezi. Iulizie siku unayosaini mkataba, na uulize papo hapo watu wa jengo hilo hujificha wapi king'ora cha kimbunga kikilia.